Chuma Inatetema Lini?

Kahawa ikishalipa, mafundi wa chini ya gari hapa Mbinga wanakuwa bize kinoma. Ndo muda wa masela kutoa vimeo vyote walivyovivumilia tangu masika: shokapu zinazovuja, bushi zilizopasuka, boljointi zinazogonga kila ukigusa shimo. Probox zinapandishwa jeki, Noah zinavuliwa miguu yote minne, mchomoko wa ruti unapumzika siku nzima ili uvalishwe vitu vipya. Jioni chuma inashuka chini imesimama freshi, haidundi, hailii. Suka anawasha goma, anachukua lami ya kwenda Kigonsera kuisikilizia. Mshale unagusa 90, usukani unaanza kumtetemesha mikono hadi mabegani.

Hapo ndo watu wanapigwa. Mshikaji anarudi gereji na hasira, na wa kwanza kumpa jibu ndo anakula hela yake. Huyu anasema shokapu feki, rudisha dukani. Yule anasema steringi reki imekufa, tafuta ya mtumba. Mwingine anasema alaimenti. Wiki inaisha, misimbazi imeyeyuka, hesabu ya bosi haijapelekwa, na usukani unatetema vilevile. Mimi inaniuma, maana hela yenyewe mtu kaitoa kwenye kahawa ya shamba la mama yake, au kwenye tripu za alfajiri za kubeba usipa kutoka ziwani. Na mara nyingi jibu lilikuwa la bure kabisa.

Kuna fundi mtu mzima kitaani kwetu ambaye namwamini kwa sababu hakimbilii spana. Ukimfuata, mazungumzo yanakwenda hivi:

"Shikamoo fundi. Chuma inatetema."

"Marahaba mwanangu. Inatetema lini?"

"Muda wote tu, mzee."

"Hakuna muda wote. Nenda kaendeshe, zima huo muziki, rudi uniambie."

Wengi wanadhani mzee anazingua. Hazingui. Chini ya gari kuna vitu vingi vinavyozunguka na vingi vinavyotakiwa kutulia, na kila kimoja kikiharibika kina muda wake wa kujitokeza. Ukiujua huo muda, watuhumiwa ishirini wanabaki wawili au watatu, na hujatoa hata jero.

Chukua ule mtetemo wa spidi, ndo unaosumbua wengi. Hadi 60 chuma imetulia, 80 unaanza kuusikia kwa mbali, 90 hadi 100 usukani unatikisika kushoto kulia haraka haraka, ukizidi hapo unapungua. Huo kwa kawaida ni wa tairi au rimu, wala si wa shokapu uliyonunua juzi. Piga hesabu: tairi la Probox au IST likiwa kwenye 100 linazunguka kama mara 15 kwa sekunde. Upande mmoja ukizidi gramu 30 tu kwenye ukingo wa rimu, zile gramu zinavuta gurudumu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 5, mara 15 kila sekunde, na wewe mkononi ndo unapokea. Shuka hadi 50, nguvu ile inabaki robo. Ndo maana ndani ya mji wenye vibao vya 50 gari inaonekana nzima, halafu ukitoka tu nje kwenye mnyooko inakuumbua.

Na hapa lami imechangia. Zamani kushuka Mbamba Bay, huko ziwani, ilikuwa vumbi, kona na mawe. Nani angegusa 90? Kimeo cha tairi kilikaa humo miaka bila mtu kukijua. Tangu hizi kilomita 66 za Mbinga hadi Mbamba Bay zipigwe lami, magari yaleyale yanakimbia, na kasoro zilezile sasa zinapiga kelele. Ukiongeza na spea mpya zilizofungwa siku hiyohiyo, basi spea ndo inabebeshwa lawama.

"Lakini haikuwa inatetema kabla sijafunga!" Sawa, nakuelewa. Ila kumbuka: ili fundi afunge shokapu, tairi zote zilivuliwa. Zilivyorudi, je, kila moja ilirudi mahali pake? Tairi lenye kasoro likiwa nyuma, mtetemo unausikia kwenye kiti na sakafuni, unauzoea. Likihamia mbele, unakuja mikononi. Pengine kile kipande cha risasi kilichogongewa ukingoni mwa rimu ili kuibalansi kilidondoka wakati tairi linabingirishwa. Pengine ni udongo. Wenye magari yanayoingia Litembo, Maguu na huko ndani kwenye mashamba ya milimani wanaujua udongo mwekundu wa masika: unaganda upande wa ndani wa rimu, unakauka, unakuwa mgumu kama tofali. Fundi anaugonga kwa bahati mbaya, nusu inabanduka, nusu inabaki. Gramu 30 zinafika bila shida. Kuna chuma zimepona kwa ndoo ya maji na bisibisi ya kukwangulia.

Kwa hiyo kabla hujaenda kununua chochote, hamisha tairi za mbele zije nyuma na za nyuma ziende mbele, halafu rudi barabarani spidi ileile. Mtetemo ukitoka mikononi ukahamia kiti, umemkamata: ni tairi au rimu. Ukibaki palepale mikononi, endelea kutafuta mbele.

Sasa kuna kesi moja inayouma kuliko zote, na sisikii watu wakiizungumzia. Shokapu kazi yake kubwa ni kulilazimisha tairi libaki limekanyaga. Ikifa, tairi linaanza kurukaruka barabarani, na kila linapotua linaliwa kipande. Ukiendesha hivyo miezi, uso wa tairi unakuwa na mabonde na vilima. Weka kiganja juu ya tairi, kipitishe taratibu kuelekea mbele, halafu kirudishe nyuma. Tairi zima linateleza sawa pande zote. Lililoliwa unalisikia linapanda na kushuka chini ya vidole, upande mmoja laini, upande mwingine linakwaruza. Ukilikuta hilo, jua kwamba shokapu ya zamani ilishafanya uharibifu kabla hujaitoa, na shokapu mpya haiwezi kulirudisha tairi kama lilivyokuwa. Itakupa ngurumo na mtetemo hata ukibalansi mara ngapi. Lipeleke nyuma ukijipanga kununua jingine, na ukienda kununua la mtumba soma zile tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa tairi unazeeka hata kama meno yamejaa. Usikubali kuuziwa macho.

Mtetemo wa polepole ni habari nyingine, na hapo naomba tuelewane. Ukiwa kwenye 20 hadi 40 usukani ukawa unakwenda kushoto, unarudi kulia, kushoto, kulia, kama vile tairi si duara, simamisha. Angalia uvimbe kwenye uso wa tairi au ubavuni. Nyuzi za ndani zikiachana tairi linavimba sehemu moja, na likivimba linaweza kupasuka muda wowote. Safu za Umatengo zinafika karibu mita 2,000, ziwa liko chini ya mita 500, na kati ya hapo ni miteremko na kona zenye watu ndani ya gari lako. Hakuna tripu inayostahili kushuka na tairi la hivyo. Funga tairi la spea, hata kama ni kipara, urudi mjini polepole.

Tairi zikishatoka kwenye mashaka, rudi kwenye ufungaji wenyewe. Hapa ndo mafundi wadogo wanaharakisha, na siwalaumu sana, foleni ni ndefu. Rimu inakaa kwenye uso wa haba. Huo uso ukiwa na kutu au kipande cha udongo chenye unene wa milimita 1 upande mmoja, rimu inakaa imeinama, na huko nje ukingoni tairi linayumba karibu milimita 4. Nati utazikaza hadi jasho likutoke, na bado litayumba. Brashi ya waya, dakika mbili kila gurudumu, basi. Halafu nati zifungwe kwa kuvuka: umefunga ya juu, nenda ya chini, njoo ya kushoto, nenda ya kulia, kwanza kwa mkono, kisha kwa spana, mara ya mwisho gari likiwa limegusa chini. Ukifunga kwa kuzunguka duara, ya kwanza inavuta rimu upande wake na nyingine zinafuata hapo.

Nguvu nayo ina kiasi chake. Toyota ndogo kama Probox na IST zinataka niutoni mita 103. Kwa wili spana ya sentimita 25 hiyo ni sawa na kuegemea kwa uzito wa kama kilo 42 mwishoni mwa mpini. Sio kuurukia kwa miguu miwili, sio kuchomeka bomba la mita moja. Ukizidisha unavuta bolti, unapindisha diski, na siku ukipata pancha usiku huko njiani hutaifungua.

Wapenda rimu za spoti, hii ni yenu. Haba ya Probox na IST ina kitovu cha milimita 54.1, na kile kitovu ndo kinachobeba rimu ikae katikati. Rimu nyingi za dukani zina tundu la milimita 73.1 ili ziingie magari tofauti. Hapo katikati panatakiwa pete ya plastiki inayojaza ule uwazi. Pete ikipotea wakati tairi zimevuliwa, hakuna anayeona, ni kitu chepesi kinachobaki chini kwenye mchanga wa gereji. Rimu inafungwa imetoka katikati kidogo, inatetema kwenye 90 hata ikiwa imebalansiwa vizuri kwenye mashine. Nimeona watu wakibalansi na kurudia, kumbe pete iko kwenye kopo la nati za zamani.

Sasa mikono. Pandisha gari jeki, weka stendi, zuia tairi za nyuma kwa mawe, usiingize mwili chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Shika tairi la mbele, mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa, lisukume na kulivuta. Likicheza, ni boljointi ya chini au beringi. Kuvitofautisha ni rahisi: mwambie konda akanyage breki huku wewe unatikisa. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukiendelea, ni boljointi. Baada ya hapo shika kushoto na kulia, tikisa tena. Likicheza hivyo tu, tuhuma ziko kwenye tairodi, ya nje au ya ndani kwenye reki. Washa tochi ya simu, mwenzako atikise, wewe weka kidole kwenye kiungo. Macho yanaweza kukudanganya, kidole kinasikia hata mchezo mdogo sana.

Hapa ndo ile stori ya spea mpya inapata ukweli wake. Zamani viungo vyote vilikuwa vimechoka pamoja, kila kimoja kikicheza kidogo. Umebadilisha boljointi na bushi, hivyo vimekuwa vigumu, na tairodi uliyoiacha ndo imebaki legelege peke yake. Sasa mchezo wote unausikia usukani. Spea mpya haijaharibu kitu, imeondoa tu vile vilivyokuwa vinaificha tairodi.

Ukiwa bado hapo chini, kagua bolti mbili kubwa zinazoshika mguu wa shokapu. Ikilegea hata moja, gurudumu linabadilisha mlalo kila ukikanyaga breki, na unasikia mlio wa "tak". Nenda juu kwenye boneti: kile kikombe cha shokapu kina beringi yake, na kikifungwa vibaya au kikiwa kimekauka, usukani ukikata kona haurudi wenyewe, unabaki umeng'ang'ania. Halafu bushi za mikono ya chini. Bolti zake zikazwe gari likiwa limesimama kwa miguu yake, uzito wote chini. Ukizikaza huku gurudumu linaning'inia, mpira unabanwa ukiwa kwenye mkao wa kuning'inia, na ukishusha gari unajisokota. Siku za kwanza gari inakuwa juu na ngumu, suka anafurahi, halafu bushi mpya zinachanika mapema na duka linatukanwa bure.

Kuhusu alaimenti, naomba tuiache iende mahali pake. Alaimenti haitibu mtetemo. Inatibu gari inayovuta upande, usukani uliokaa kombo wakati unakwenda moja kwa moja, na tairi linaloliwa ukingo mmoja. Balansi ndo inatibu mtetemo. Ukibadilisha shokapu za mbele, tairodi au mikono, alaimenti lazima ufanye, ila usitegemee ikuondolee mikono kutikisika. Kama mashine iko mbali, kuna njia ya kukufikisha salama: chora mstari wa chaki katikati ya uso wa kila tairi la mbele, pima kwa futi umbali kati ya mistari hiyo upande wa mbele wa tairi, kisha upande wa nyuma, kimo kilekile cha haba. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita mbili tatu, tairi zako zinatazamana au zinapeana mgongo, na safari moja ya Songea na kurudi inatosha kuanza kuzila.

Wale wa kunyanyua, nawapenda, mtaa unapendeza. Probox iliyopanda juu ikipita kwenye makorongo ya Lituhi bila kukwaruza tumbo inaleta raha yake. Lakini ukiweka vipande juu ya shokapu, mhimili unaotoka kwenye gia boksi kwenda gurudumuni unakaa kwa mteremko mkali, na kile kiungo chake cha ndani kinafanya kazi kikiwa kimepinda. Dalili yake ipo wazi ukijua pa kuitafuta: ukikanyaga mafuta kupandisha kilima, gari zima linatikisika upande upande, ukiachia mafuta, kimya. Tairi lisilo na balansi halijali kama umekanyaga au umeachia. Hiki kinajali. Dawa yake ni kushusha kimo kidogo, sio kununua tairi.

Na wenye mkonga, Land Cruiser yenye eksoli moja nzima mbele, nyie mna mtetemo wenu: unapiga shimo kwenye 70, usukani unalipuka kushoto kulia kwa fujo na hauachi hadi usimame. Dampa ya usukani haiuponyi, inaufunika tu. Tafuta bushi za chuma kirefu kinachofunga eksoli na chesisi kwa upana, halafu beringi za juu na chini za kona za eksoli. Na kama umeinyanyua, mwinamo wa eksoli umebadilika, unahitaji kurudishwa.

Umebaki mtetemo wa breki. Barabara nzima imetulia, ukikanyaga breki tu usukani unacheza na pedali inakusukuma mguu. Hiyo ni diski, na kwenye mteremko wa kwenda ziwani inajitokeza mapema kwa sababu diski zinapata moto. Angalia kama fundi aliisafisha haba kabla ya kurudisha diski, ni ileile kutu ya milimita 1. Muulize pia kalipa aliining'iniza kwa kitu gani alipokuwa anatoa shokapu. Kama iliachwa ikaning'inia kwenye paipu yake ya breki, kagua hiyo paipu kwa nje yote, ikiwa na mpasuko ibadilishwe leo. Halafu kwenye mteremko shusha gia, iache injini ishike gari, breki ziguswe na kuachiwa.

Safari ya kwanza baada ya kufunga, usiikimbize. Shuka kawaida, na ukifika Mbamba Bay paki sehemu tambarare kabla hujaagiza mbasa na ugali. Acha rimu zipoe, toa wili spana, pitia nati zote kwa mpangilio uleule wa kuvuka. Ikisogea kidogo ni kawaida, rimu imejikalia. Ikizunguka robo nzima au zaidi, usiikaze tu ukaondoka: ingia jeki, vua hilo tairi, angalia matundu ya rimu kama yameanza kulika na uso wa haba kama una udongo. Fanya hivyo hata kama abiria wa kurudi Mbinga wameshakaa ndani na wanaita. Waambie dakika kumi.